Nyumba Isiyo na Pa Kupigia Hodi

Hapo kale, kale ya mwaka juzi, palikuwa na nchi ambayo sitaitaja jina. Ni nchi yenye amani sana, na nisingependa amani hiyo inifuate nyumbani. Mimi humo nilikuwa Mpiga Makofi wa Serikali, Daraja la Tatu. Wa Daraja la Kwanza hupiga makofi kiongozi anapofikiria kusema, wa Daraja la Pili anaposema, na sisi wa la Tatu hupiga akishamaliza, kisha tukakusanya viti. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama mbele, mikono tayari.

Waziri wa Makazi wa nchi hiyo alikuwa Mheshimiwa Polikapi Kilatu, mtu mwenye shingo nene na huruma nyingi kwa maskini. Huruma ilimnyima usingizi. Kila alipowaza jinsi maskini wa mtaa wa Kivulini walivyokaa katika vijumba vibovu, juu ya kilima chenye upepo mzuri kuliko vilima vyote vya mji, alilia. Akishafuta machozi aliona kwamba vijumba vile vikiondolewa, ubovu wake nao utaondoka, na upepo utabaki. Tatizo lilikuwa katiba, iliyosema kwa ukaidi wake kwamba nyumba ya mtu haibomolewi bila fidia.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Ndani na Nje. "Nyumba," ilisema sheria hiyo, "ni mahali penye ndani. Ndani ni pale ambapo mgeni hupiga hodi kabla ya kuingia, na mgeni aingiaye bila hodi ni mwizi. Pasipopigwa hodi ni nje. Akaaye nje hana nyumba, na asiye na nyumba hawezi kubomolewa nyumba." Bunge lilishangilia mpaka wapiga makofi tukaonekana hatuna kazi. Mbunge mmoja aliuliza kama hodi ya jirani itahesabiwa. Akajibiwa kwamba hapana, wala ya ndugu, maana hao wanaweza kula njama. Itahesabiwa hodi ya mgeni tu, aliyekuja kwa haja zake mwenyewe. Mbunge huyo sasa ni balozi wetu katika kisiwa kisicho na watu, na nasikia anaendelea vizuri.

*

Mimi nilikuwa mkazi wa Kivulini, na jirani yangu alikuwa Bi Kazija, mjane anayetwanga kisamvu tangu sijaoa. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vyenye mapazia, lakini hakuna aliyemwona akikaa vyumbani. Maisha yake yalikuwa uani. Jiko la mafiga lilikuwa kushoto, chini ya kipande cha bati. Bafu la makuti lilikuwa nyuma, halina paa, ukioga unaona mawingu. Katikati palikuwa na mpera, na chini ya mpera kilikaa kinu chake, kikubwa, chenye ufa alioufunga kwa ukanda wa bati la kopo. Ua haukuwa na mlango. Ukitaka moto unaingia, ukitaka chumvi unaingia, na ukiwa huna unachotaka unaingia pia, unakaa, unaletewa sahani. Kupiga hodi kwa Bi Kazija kungekuwa tusi, kama kumwuliza mama yako jina.

Siku ya ukaguzi alikuja Bwana Anzuruni, Mkaguzi Mkuu wa Idara ya Hodi. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kitu cha hatari zaidi, mtu mwaminifu kwa kanuni. Akaketi juu ya kiti chake cha kukunja, akasubiri. Jirani yetu Mashavu akapita na kigae mkononi, akaingia uani, akachota kaa la moto, akaonja mchuzi, akaondoka zake.

"Hodi haikupigwa," akasema Anzuruni.

"Apige hodi kwangu Mashavu? Kwani amenuna?" akauliza Bi Kazija.

"Mama, unapika wapi?"

"Hapa."

"Unakula wapi?"

"Si hapa hapa, baba. Karibu ule."

"Basi unaishi nje," akasema Anzuruni kwa huzuni ya kweli, na akakataa chakula kwa kuwa kanuni haziruhusu.

Msomaji wa nchi nyingine anaweza asijue Kanuni ya Staha. Katika nchi ile alama nyekundu ya kubomoa haipakwi na serikali. Hupaka mwenyewe mwenye nyumba, ili asije akasema amelazimishwa. Waziri Kilatu alikuja mwenyewe siku hiyo, na wapiga picha wake, akampa Bi Kazija brashi. Mkono wa yule mama ulikuwa unatikisika, rangi ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Paka vizuri, mama," akamwambia kwa tabasamu. "Maendeleo hayataki mkono unaotetemeka."

Nami nilikuwa kazini. Alipomaliza kusema nikapiga makofi, mbele ya jirani yangu, tingatinga likinguruma nyuma yangu na nyumba yangu ikiwa ya pili kwenye foleni. Niliichukia mikono yangu siku ile, na nilimchukia yule Waziri. Kilima kikasawazishwa. Ukasimamishwa ubao mkubwa ulioandikwa HOSPITALI YA KINA MAMA INAJENGWA HAPA, na kwa kuwa ubao haukai salama bila mtu, Waziri akajitolea kukimiliki kilima chote ili aulinde.

*

Bi Kazija akaenda kukaa kwa binti yake Mwantumu, ghorofani. Mwantumu alikuwa msanifu majengo, tena wa kusifika. Alikuwa na nyumba nzuri ya kupanga yenye milango mitatu kabla hujaona kiti. Mama yake alikonda humo. Alipojaribu kutwanga karanga kwenye kikopo, wa chini walipiga dari kwa ufagio.

"Humu mtu hata akikukumbuka hawezi kukufikia," alikuwa akisema. "Nimefungwa kwa kosa gani, Mwantumu? Nirudishe kwangu nikafie kwangu."

"Kwako hakupo, mama."

"Kilima kimekwenda wapi?"

 Mwantumu alimwona mama yake anaisha kidogo kidogo kwenye kiti cha dirishani, na alijua kwamba dawa ya ugonjwa ule haiuzwi.

Mambo yakiwa hivyo, Waziri Kilatu na mkewe, Mama Perpetua, wakarudi kutoka ziara ya kikazi ng'ambo. Walikuwa wameenda kujifunza jinsi ya kuwahurumia maskini, na hoteli waliyojifunzia ilikuwa na majarida. Ndani ya majarida waliona jinsi matajiri wakubwa wa dunia wanavyoishi siku hizi. Wakamwita msanifu bora kuliko wote nchini. Hawakumwuliza kwao ni wapi, maana wakubwa wa nchi ile humwuliza mtu ameletwa na nani, basi.

"Kuta zimepitwa na wakati," akaanza Mama Perpetua, jarida mapajani. "Watu wa hali ya juu sasa wanaishi ndani na nje kwa pamoja. Nataka jiko la nje."

"Jiko la nje," akasema Mwantumu, akichora.

"Bafu lisilo na paa. Mtu akioga aone mawingu."

"Mawingu."

"Mti katikati ya sebule. Watu wakae chini ya mti, wale hapo hapo. Hii ni sayansi, binti yangu, usishangae."

"Sishangai, Mama."

"Na vizingiti sitaki kuviona. Sakafu itoke barabarani, ipite sebuleni, itokee bwawani, jiwe moja lile lile. Mgeni asijue sebule inaishia wapi na bustani inaanzia wapi."

Kalamu ya Mwantumu ikasimama. Alikuwa ameinua macho, na hapo ndipo alipokiona. Pembeni mwa sebule, kimepinduliwa juu chini, kimemulikwa na taa ya peke yake, kilikaa kinu chenye ufa na ukanda wa bati la kopo. Mama Perpetua alikuwa ameweka mguu juu yake.

"Umekipenda?" akauliza. "Sanaa ya asili hiyo, mume wangu alikiokota kwenye vifusi. Wageni wangu hukikalia wakinywa juisi."

Kinu hakikaliwi. Hata mtoto wa Kivulini anayelamba kamasi anajua kwamba kinu hakikaliwi. Mwantumu aliniambia baadaye kwamba mpaka dakika ile alikuwa amekuja kukataa kazi, na hata maneno ya kukataa alikuwa ameyapanga vizuri. Badala yake akatabasamu.

"Hatajua, Mama," akasema. "Mgeni wako hatajua kabisa. Nakuahidi. Na mnajenga wapi?"

"Kilimani," akajibu Waziri. "Nyuma ya ubao wa hospitali."

*

"Umekwenda kumjengea yule?" Bi Kazija aliinuka kutoka kiti chake cha dirishani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Wewe, niliyekunyonyesha?"

"Namjengea nyumba yako, mama."

"Yangu?"

"Ile ile. Jiko kushoto. Bafu nyuma, halina paa. Mpera katikati, nimeagiza upandwe mkubwa. Wamependa wenyewe, sikuwashauri neno."

Bi Kazija akafikiri. Kisha akauliza polepole, "Na mlango?"

"Kwani kwako ulikuwapo mlango?"

"Ungetokea wapi?"

"Basi."

Yule mama akamtazama bintiye, na kicheko kikaanza kumtoka tumboni, cha chini, kibaya, ambacho Mwantumu hakupata kukisikia kwake kabla. Usiku ule alikula sahani mbili.

Nami naomba niseme wazi, kama raia mtiifu, kwamba Mwantumu hakuvunja sheria yoyote. Alijenga kwa ustadi. Aliagiza mawe ya rangi ya asali, akayalaza kuanzia pale magari yanaposimama, yakapita chini ya paa, yakapita sebuleni, jikoni na bafuni, yakashuka bwawani, hakuna mstari, hakuna ngazi, hakuna pa kujikwaa. Kuta za vioo aliziwekea reli ardhini, zikiteleza zinajificha zenyewe ndani ya nguzo. Paa alilipandisha juu sana na kulipaka rangi ya anga. Mafundi walipoteza vifaa vyao humo wakawa wanavitafuta bustanini. Waziri alipokuja kukagua alizunguka mara mbili akiuliza wanaingilia wapi, akiwa tayari amesimama chumbani kwake.

"Nimepotea nyumbani kwangu!" akasema kwa fahari. "Hii ndiyo anasa."

*

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikuwa Mtukufu, Kiongozi Mkuu wa nchi. Sisi wapiga makofi tuliitwa wa madaraja yote. Akina mama waliletwa kwa lori kupiga vigelegele, na kwa kuwa lori liliokota akina mama popote lilipowakuta, Bi Kazija na jirani yetu Mashavu walikuwamo, wamejifunga khanga mpya. Bwana Anzuruni alikuwapo na kiti chake cha kukunja, maana bila yeye nyumba haitambuliki. Tingatinga la Idara lilisimama nyuma ya miti, kama kawaida yake, kwa heshima.

Inafaa msomaji ajue mwendo wa Mtukufu. Itifaki inasema hatanguliwi na mtu. Haangalii chini, kwa sababu chini kuna wananchi na wanaweza kumwomba kitu. Hutazama mbele na kupunga mkono mpaka akutane na utepe wa kukata. Mama Perpetua alikuwa amekataa utepe, akisema unakata mandhari.

Basi Mtukufu akashuka garini, akapunga mkono, akatembea. Sisi nyuma yake. Akapita uwanjani, akapita sebuleni akiusifu mti na kinu kilichopinduliwa chini yake, akapita jikoni akimpungia mpishi. Mwantumu alisimama kando ya nguzo, mikono nyuma. Mtukufu akaendelea mbele juu ya jiwe lile lile la rangi ya asali, mkono hewani, mpaka akatokea bafuni, ambamo Bibi Paskalina, mama mzazi wa Mama Perpetua, aliyekuwa amewasili asubuhi ile kutoka shamba, alikuwa anaoga.

Povu lilikuwa jingi, tumshukuru Mungu.

"Uuuwi!" akapiga kelele yule bibi. "Mwanamume gani huyu anaingia bafuni kwa watu bila hodi? Huna mama wewe? Mwizi!"

Kopo la maji likaruka. Lilimpata Mtukufu kifuani, penye nishani. Wapiga makofi wa Daraja la Kwanza, kwa mazoea, walikuwa wameshaanza kupiga, wakanyamaza mmoja mmoja. Sijapata kusikia ukimya kama ule katika nchi yetu, na nchi yetu ni hodari wa kunyamaza.

Kisha kikasikika kiti cha kukunja kikikunjwa. Bwana Anzuruni akajongea.

"Mheshimiwa Waziri," akasema kwa upole, "ni swali la kisheria tu. Hapa tuliposimama ni ndani au ni nje?"

"Si wakati wake, Anzuruni."

"Ndio wakati wake hasa. Kama hapa ni ndani, basi Mtukufu ameingia nyumbani kwa mtu bila hodi, akamkuta mkweo utupu, na kwa sheria uliyoileta wewe mwenyewe bungeni, anayeingia ndani bila hodi ni mwizi. Sidhani kama Mheshimiwa anataka kusema hivyo."

Waziri alimtazama Mtukufu. Mtukufu alimtazama Waziri, maji yakimdondoka kidevuni.

"Kama ni nje," akaendelea Anzuruni, "basi Mtukufu alikuwa anatembea nje, kama mwananchi yeyote, na hakuna kosa."

Naapa niliona shingo ile nene ikipungua. Mama Perpetua alimvuta mumewe koti akinong'ona, "Sema ndani, baba! Sema ndani, nyumba yetu!" Waziri akajinasua koti.

"Ni nje," akasema.

"Sikusikia vizuri," akasema Anzuruni, na kweli hakuwa amesikia.

"Nje! Ni nje kabisa!"

"Na nyumba?"

"Nyumba gani?" Sauti ilimpasuka. "Mimi hapa sina nyumba!"

Alikuwa amemaliza kusema. Daraja la Tatu hupiga makofi kiongozi akishamaliza, na katika utumishi wangu wote sikupata kupiga makofi kama yale. Viganja viliwaka moto. Nisingependa msomaji adhani kwamba nilifurahia anguko la mwenzangu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

"Nilijua," akasema Mtukufu, akivuta pumzi. "Nilihisi upepo." Halafu akakunja uso. "Lakini kama ni nje, hivi vyombo, vioo na mapaa yote vinafanya nini huku nje? Nchi yangu imekuwa jaa?"

Rangi nyekundu ililetwa. Kanuni ya Staha ikasomwa kwa sauti. Brashi ilipotafutiwa wa kumkabidhi Waziri, akina mama wa vigelegele wakapisha, akapita Bi Kazija, akaichovya mwenyewe, akamwekea mkononi. Waziri hakumtambua. Alitambua maneno.

"Paka vizuri, baba," akasema Bi Kazija. "Maendeleo hayataki mkono unaotetemeka."

Alipaka kwenye nguzo, kwenye jiwe, kwenye kioo, rangi ikimchuruzika ndani ya mkono wa shati la hariri. Mwantumu alisimama karibu kabisa, akimwonyesha pale aliporuka. Tingatinga lilipoanza, Bi Kazija alienda zake sebuleni taratibu, akakipindua kinu kikasimama kama Mungu alivyokikusudia, akamwita Mashavu washike wawili. Wakakitoa. Kwa nyuma vioo vilikuwa vinalia, na naikumbuka sauti ile hadi leo kwa raha.

*

Tukarudi Kivulini. Hakuna aliyeturuhusu na hakuna aliyetukataza, maana Waziri mpya alikuwa hajateuliwa na wa zamani alikuwa anachunguzwa na Baraza la Nidhamu. Mwantumu alimchorea mama yake vyumba viwili vyenye mapazia, akavijenga kwa yale mawe ya rangi ya asali, yaliyokuwa yamelala tu nje bila mwenyewe. Jiko kushoto. Bafu nyuma. Mpera wa sebule ya Waziri ulikuwa umepona tingatinga.

Lakini sheria ilikuwa bado inaishi, na Anzuruni akaanza kuonekana ng'ambo ya njia na kiti chake. Tuliogopa. Tukamsihi Bi Kazija aweke mlango.

"Nife kwanza," akasema. "Milango niliishiba ghorofani."

"Na mgeni asipopiga hodi watabomoa tena, Bi Kazija."

"Wabomoe. Mtu wangu hapigi hodi kwangu."

Mwantumu hakulala vizuri siku zile. Alikuwa amemaliza kisasi chake na hakuona kimempa nini, ikiwa mama yake atapaka rangi mara ya pili.

Ikafika jioni moja ya manyunyu. Bi Kazija alikuwa anatwanga kisamvu chini ya mpera, sisi tumekaa, Mwantumu anachambua mchele. Njiani akaonekana mtu amelowa, koti limemlegea. Alikuwa Polikapi Kilatu. Mkewe alikuwa amerudi kwao, marafiki walikuwa wamebadili namba za simu, na waliokuwa wakila kwake walimpita barabarani kama nguzo. Baraza la Nidhamu lilikuwa limemwambia kwamba akimpata msanifu aape kuwa nyumba ile ilikuwa na kizingiti, hata kidogo, kesi yake itaangaliwa upya. Alikuwa amemfuata Mwantumu.

Akafika pale ua unapoanzia, pasipo na mlango wala mstari. Sisi tungepita tu. Lakini yeye alikuwa mgeni, tena mwenye haja zake, na nadhani mtu akishavuliwa kila kitu hubaki na alichofundishwa na mama yake. Akasimama, akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Ng'ambo ya njia Bwana Anzuruni akainuka kitini. Akaja mbio juu ya matope, akatazama ardhi pale miguu ya yule mtu ilipokoma, akachomeka kijiti.

"Hodi imepigwa hapa," akatangaza, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyesubiri sana. "Kuanzia hapa ni ndani. Mama, una nyumba."

Mwantumu akauacha mchele, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Kilatu hakuelewa kitu. Alimtazama Anzuruni, akatutazama sisi, mvua ikimshuka usoni.

"Hodi," akasema tena.

Bi Kazija alikuwa amemwona. Alimtazama vizuri, toka kichwani mpaka kwenye viatu, kisha akainua mchi, akatwanga.

"Hodi jamani," akasema mara ya tatu.

Mgeni akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, huondoka. Ndivyo desturi yetu ilivyo. Akasubiri kidogo, akavaa kofia yake, akaondoka. Bi Kazija akaongeza chumvi kwenye kinu na kuniambia nimsogezee nazi.